Mali Bila Daftari

Marehemu baba yangu alikuwa na duka dogo la rejareja, na juu ya rafu ya sukari alibandika kipande cha kadi alichokiandika kwa mkono wake: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Niliusoma msemo huo kila siku ya utoto wangu kabla sijaielewa maana yake. Madeni ya watu baba aliyaandika katika daftari la mistari, na alikuwa na desturi moja iliyowashangaza wenye maduka wenzake. Daftari lile hakulificha ndani ya mtoto wa meza. Lilikaa juu ya meza ya duka, na mdeni yeyote aliyetaka kuuona ukurasa wake alifunguliwa akauona. Asiyejua kusoma alisomewa, na mara nyingi msomaji nilikuwa mimi.

Nilimwuliza baba siku moja kwa nini anajipa taabu ile. Akanijibu kwamba deni lisiloonekana huleta ugomvi, na ugomvi hula faida kuliko panya. Hakusema zaidi ya hapo. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi.

Mwaka 1970 niliingia chuo cha ualimu. Humo nilifundishwa mambo mengi ambayo sasa nimeyasahau, lakini somo la rejista sikulisahau. Mkufunzi wetu alishikilia kwamba mwalimu asiyejua kuweka rejista ya mahudhurio hajui kufundisha, hata akiwa na sauti nzuri namna gani. Mtoto aliyekuja atiwe alama siku ile ile. Aliyehama akatwe kwa mstari mmoja ulionyooka, na sababu iandikwe pembeni. Aliyefariki vivyo hivyo. Alituambia kwamba rejista ni ushahidi, na kwamba ushahidi ukichafuka mara moja hausafishiki. Nilitoka chuoni mwaka 1971 nikiyaamini maneno hayo, nikayafundisha kwa walimu wadogo kwa miaka thelathini na zaidi, na ndani ya miaka hiyo hiyo, kama nitakavyokiri mbele, nikayavunja.

Nayaeleza haya, msomaji wangu, kwa sababu nataka kuzungumza juu ya daftari jingine, kubwa kuliko la baba na kuliko la shule: daftari la wapiga kura. Nataka kuuliza swali linaloonekana dogo. Mwananchi wa kawaida akitaka kulifungua daftari hilo akaangalia kilichomo, humgharimu nini? Na asipolifungua, hugharimu nini, na gharama hiyo hulipwa na nani?

Tarehe 8 Agosti 2017 nilikwenda kupiga kura katika shule ile ile niliyoiongoza mpaka nilipostaafu mwaka 2006. Karatasi za majina zilikuwa zimebandikwa ukutani, nje ya madarasa, ili kila mtu ajue aingie mlango upi. Nilivaa miwani, nikashuka na kidole, jina baada ya jina. Kabla sijalifikia langu nikalikuta la mke wangu.

Mke wangu alifariki mwaka 2014. Tulijiandikisha pamoja Desemba 2012, siku ya mwisho mwisho, tukasimama katika foleni ndefu huku akinilaumu kwamba mimi mwalimu mzima nimengoja mpaka dakika za majeruhi. Alicheka alipotakiwa kuweka vidole kwenye mashine, kwa kuwa vilikuwa na hina na aliogopa kuichafua. Na sasa, miaka mitatu baada ya kuzikwa, jina lake kamili lilikuwa pale, limepigwa chapa vizuri, bila kosa hata la herufi moja. Aliyekuwa nyuma yangu katika foleni alinigusa bega akaniuliza kama nimelipata jina langu. Nikasema ndiyo. Nikaingia, nikapiga kura, nikarudi nyumbani.

Usiku ule sikulala vizuri. Sikudai kwamba kuna mtu aliyepiga kura kwa jina lake. Mashine ilitaka kidole, na kidole chake kilikuwa mchangani. Lakini nilijua pia kwamba mtu ambaye alama za vidole vyake hazikusomeka aliweza kutambuliwa kwa kitambulisho na daftari. Basi nikataka kujua mambo mawili tu: jina lile litaondolewaje, na je, siku ile lilitiwa alama?

Nilikwenda ofisini mjini. Nilipokewa na kijana mpole sana. Aliniamkia, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mwalimu, lete cheti cha kifo."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sina. Sisi wa pwani, na hasa Waislamu, mtu akifariki asubuhi huzikwa alasiri. Mke wangu alifia nyumbani. Majirani walikuja, kaburi likachimbwa, dua ikasomwa, khitma ikafuata. Mzee wa mtaa alikuwapo, na kila mtu kijijini alijua. Lakini hakuna aliyekwenda kwa naibu wa chifu kuandikisha kifo, na mimi, niliyewafundisha watu umuhimu wa kuandika, sikwenda. Kwa macho ya Mungu na ya kijiji mke wangu alikuwa amefariki. Kwa macho ya serikali alikuwa hai, mwenye haki zake zote.

Na kwa kuwa zaidi ya miezi sita ilikuwa imepita, kuandikisha kifo kile kulitaka idhini zaidi na ada ya kuchelewa. Nilikwenda, nikarudi, nikaenda tena. Kwa tabia yangu ya zamani niliandika gharama zote katika kijitabu: nauli za matatu, nakala za vitambulisho, ada, chakula cha mchana siku nilizochelewa. Jumla ilikuwa shilingi 1,900 na siku nne. Kwa mstaafu mwenye pensheni si kitu cha kulilia. Lakini kibarua wa shamba kijijini kwetu wakati ule alikuwa akipata kama shilingi 400 kwa siku, siku aliyopata. Kwake yeye, kulikata jina la marehemu mmoja kungekuwa ni chakula cha juma zima, ukihesabu na siku alizokosa kazi. Nani ataacha watoto na njaa ili daftari la taifa liwe safi?

Baada ya hapo nilianza kuelewa hesabu nilizokuwa nikizisikia redioni bila kuzitilia maanani. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 na damu iliyomwagika, tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilitoa ripoti mwaka 2008, ikasema kwamba katika daftari lililotumika huenda mlikuwa na majina ya wafu wapatao milioni 1.2. Daftari lile likatupwa, likaandikwa jipya. Mwaka 2017, wapiga kura walioandikishwa walipokuwa 19,611,423, wakaguzi wa kampuni ya KPMG walikadiria kwamba wafu waliomo huenda wamezidi tena milioni 1. Lakini walioweza kuthibitishwa kwa kulinganisha na kumbukumbu za vifo hawakufika hata laki moja. Wengine wote walikuwa kama mke wangu. Kijiji kinajua, kitabu hakijui.

Sasa fikiri, msomaji wangu. Ni nani anayeweza kulisafisha daftari la namna hii? Mkaguzi wa Nairobi, hata awe hodari vipi, hajui kwamba mama fulani wa kijiji chetu alizikwa chini ya mwembe. Anayejua ni jirani. Hapa ndipo daftari la wapiga kura linapotofautiana na lile la duka la baba. Dukani kila mtu alitazama ukurasa wake tu, na hiyo ilikuwa haki. Lakini katika daftari la kura, jina langu mwenyewe si tatizo, nalijua. Jina linalotaka jicho langu ni la jirani aliyehama, la marehemu, la mtu ambaye hakuna amjuaye kijijini. Daftari hili husafishwa na macho ya wengi, na macho hayo hayawezi kulifikia likiwa limefungiwa mjini.

Sheria yetu haikulisahau jambo hili. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 inasema daftari liwe wazi kwa wananchi kulikagua na kusahihisha maelezo yao, na kabla ya uchaguzi mkuu lifunguliwe kwa siku zisizopungua 30. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na sheria ya mwaka 2016 inayohusu haki hiyo imeweka jambo ninalolipenda sana: kuomba habari ni bure, na kinachoweza kutozwa hakitazidi gharama halisi ya kutoa nakala na kuzifikisha. Kwa maneno mengine, serikali isifanye biashara ya kitu ambacho tayari ni cha mwananchi.

Maandishi haya ni mazuri. Lakini sheria haikutaja nauli. Haikutaja siku ya kazi iliyopotea, wala miwani, wala aibu ya mtu asiyejua kusoma anayesimama mbele ya karatasi hamsini zenye herufi ndogo. Na liko daftari jingine ambalo bei yake iko juu zaidi. Lile swali langu la pili, kama jina la mke wangu lilitiwa alama, yule kijana hakuweza kulijibu. Aliniambia kwa upole kwamba vitu vya siku ya kura hutiwa lakiri, na havifunguliwi ila mahakama iagize. Nikaulizia njia ya mahakamani. Anayepinga uchaguzi wa mwakilishi wa wadi huweka dhamana ya shilingi 100,000. Wa mbunge au gavana, 500,000. Wa rais, milioni 1. Naielewa sababu: bila dhamana kila aliyeshindwa angekimbilia mahakamani kwa hasira tu. Lakini mimi sikuwa nimeshindwa uchaguzi wowote. Nilikuwa mjane wa kiume niliyetaka kujua habari ya mstari mmoja.

Wakati wa taabu zile ndipo nilipomkumbuka mama Saumu, na hapa sina budi kukiri nililoliahidi.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, serikali ilianza kutoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Fedha zilifuata rejista. Shule yetu ilifurika watoto, madawati hayakutosha, tangi la maji lilipasuka. Mwaka uliofuata watoto 14 walihama au waliacha shule. Sikuwakata. Niliacha majina yao yakae, nikajiambia ni kwa muda tu. Mara kumi na nne kwa 1,020 ni shilingi 14,280. Sikutia mfukoni hata senti moja. Zilikwenda kwenye chaki na tangi. Lakini mkufunzi wangu hakuwahi kutufundisha kwamba uongo uliotiwa ndani ya tangi la maji huwa ukweli.

Mama Saumu alikuwa muuza viazi karai karibu na lango la shule. Kijana wake Hamisi alikuwa mmoja wa wale 14. Alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake Mombasa, na shule ya huko ikasema haiwezi kumpokea kwa sababu bado anaonekana ni mwanafunzi wetu. Mama yake akaja ofisini kwangu.

"Mwalimu, naomba niangalizie hilo daftari. Wanasema Hamisi yumo."

Nikamjibu kwa ile sauti tuliyo nayo sisi wakuu wa shule. "Mama, rejista ni kumbukumbu ya serikali. Haifunguliwi ovyo. Lete barua ya chifu."

Alikwenda, akaileta barua, na sikumwuliza imemgharimu nini. Siku aliyokuja nayo nilituma mtoto akamwambie kwamba mwalimu mkuu yuko kwenye mkutano. Sikuwa kwenye mkutano. Nilikuwa nimekaa na rejista mezani mbele yangu. Mara ya tatu hakuja. Mwaka 2005 niliyakata majina yote 14 kimya kimya, kwa mstari mmoja ulionyooka, kama nilivyofundishwa. Nikadhani mambo yamekwisha.

Basi kijana wa ofisini aliponiambia, "Mwalimu, lete cheti," sikuweza kumkasirikia. Yeye alikuwa anafuata utaratibu wa kweli, wala hakunificha kitu. Lakini nilitambua ni kitu gani mtu husikia akiwa upande ule wa meza.

Niliporudi safari ya nne nilikwenda kwa mama Saumu. Bado alikuwa akiuza viazi, pale pale, amezeeka kidogo. Aliniamkia kwa heshima, nami nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, watu wakipita. Aliendelea kuvigeuza viazi vyake. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mwalimu, mwaka ule Hamisi alikaa nyumbani muhula mzima. Huko hawakumtaka, na hapa nauli ya kumrudisha sikuwa nayo."

Sikulijua jambo hilo. Miaka kumi na zaidi nilikuwa nikiamini kwamba majina yale hayakumdhuru mtu. Hamisi sasa ni utingo wa lori. Sithubutu kusema ni kwa sababu ya muhula ule, wala sithubutu kusema siyo. Nilimwomba mama yake radhi. Hakusema amenisamehe, na hakusema hakunisamehe. Nilinunua viazi, akanifungia, akapokea fedha, akanirudishia chenji yangu kamili.

Hapo nikapata jibu la nusu ya swali langu. Daftari lililofungwa nalo lina bei. Tofauti ni kwamba bei ya kulifungua huonekana, kwa sababu ina risiti, na hulipwa na aliyekuja kuuliza. Bei ya kulifunga haina risiti, na hulipwa na mtu ambaye mwenye ufunguo hamwoni.

Lakini nisije nikaonekana nasema kwamba kila kitu kibandikwe ukutani. Upo upande wa pili, nami nimeuona kwa macho yangu. Walio na umri wangu wanaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988, tulipochagua wagombea kwa kupanga mstari nyuma ya mtu au picha yake. Uwazi ulikuwa kamili: kila mtu alimwona kila mtu, na chifu aliwaona wote. Na kwa sababu hiyo hiyo, watu wengi walisimama nyuma ya mtu wasiyemtaka.

Tena ninaye rafiki, mwalimu mwenzangu kutoka bara, aliyefundisha nami huku kusini mwa pwani. Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, ghasia zilizuka Likoni. Kituo cha polisi kilivamiwa, watu wa bara wakasakwa, zaidi ya watu 100 wakauawa, na maelfu wakakimbia na watoto mgongoni. Rafiki yangu alikuwa miongoni mwao. Alirudi baadaye, akaendelea kufundisha, lakini hakuipenda tena orodha yoyote ya majina. Aliniambia mara moja, tukiwa tunakunywa chai, "Mwalimu mkuu, jina langu likibandikwa pale, hata asiyenijua atajua kwamba mimi si wa hapa." Sikuwa na jibu. Jina langu ukutani halinigharimu kitu. La kwake lilimgharimu usingizi.

Na siku hizi limeongezeka jambo la namba. Juni 2021 Wakenya walipata njia ya kuangalia kwenye mtandao kama wameandikishwa katika chama cha siasa. Mjukuu wangu aliniangalizia, tukakuta mimi ni mwanachama wa chama ambacho hata ofisi yake siijui. Sikuwa peke yangu. Watu wengi sana walikuta mambo kama hayo, na malalamiko zaidi ya 200 yakafika kwa Kamishna wa kulinda data. Tazama jinsi jambo hili lilivyo na pande mbili. Kama orodha zile zisingefunguliwa, nisingejua kwamba nimeandikishwa. Lakini nisingeandikishwa kama namba yangu ya kitambulisho isingekuwa imezagaa, kwa maana tunaiandika kila mahali, kwenye madaftari ya walinzi wa malango na kwa wakala wa simu, bila kuuliza nani ataisoma.

Nina kijana wangu ambaye ni mkutubi, naye aliponiona nimeshikwa na jambo hili akanitafutia habari za nchi nyingine. Nilifarijika kuona kwamba hata wakubwa wanahangaika. Uingereza walikuwa wakiuza daftari lao kwa wafanyabiashara, mpaka mwaka 2001 mkazi mmoja wa Wakefield alipokwenda mahakamani kukataa, akashinda. Tangu mwaka uliofuata wana madaftari mawili: moja kamili na jingine la kuuzwa, ambalo mtu anaweza kujitoa. Lile kamili mwananchi anaweza kulisoma bure mbele ya ofisa, na akitaka kunukuu, anukuu kwa mkono. Marekani wana sheria ya mwaka 1993 inayotaka kumbukumbu za orodha zikaguliwe na umma na nakala zitolewe kwa gharama ya kiasi, lakini hicho kiasi kila jimbo limekipima kwa kibaba chake. Alabama ilikuwa ikitoza senti moja kwa kila jina. Senti moja ni nini? Zidisha kwa wapiga kura wote wa jimbo, utapata zaidi ya dola 30,000. Chama kikubwa kitalipa. Kikundi cha akina mama wa kanisa hakitalipa.

Basi mimi, mwalimu mstaafu nisiye mwanasheria, nimefikia haya. Majina yafunguliwe, tena kijijini, mahali ambapo watu wanawajua walio hai na waliofariki. Yasomwe bure mbele ya ofisa, na asiyejua kusoma asomewe. Namba za vitambulisho, simu na alama za vidole zibaki zimefungwa, maana jirani hahitaji namba yangu ili ajue kwamba nipo. Mwenye hofu ya kweli, kama rafiki yangu, apewe njia ya kusikilizwa. Na anayeleta habari ya kifo asibebeshwe nauli ya mjini, bali cheti kimfuate aliko. Serikali inayoweza kuleta mashine ya vidole mpaka shuleni kwetu ili kutuandika haiwezi kushindwa kuileta ili kutufuta. Gharama ya hayo yote tuigawane sote kupitia kodi, kwa sababu faida nayo ni ya sote. Tukimwachia aliyekuja kuuliza ailipe peke yake, wataacha kuja, kama alivyoacha mama Saumu mara ya tatu.

Tarehe 9 Agosti 2022 nilirudi tena shuleni kupiga kura. Safari hii walioandikishwa nchi nzima walikuwa 22,120,458. Nilifika mapema, na kwa kuwa wazee wengi walikuwa wakihangaika na zile herufi ndogo, nikasimama karibu na ukuta nikawasomea mpaka jua likapanda. Mama Saumu alikuja. Nikamtafutia jina lake, nikamwonyesha kwa kidole. Akaniuliza, "Na Hamisi?" Nikalitafuta, nikalipata. Akaguna, akaenda zake kwenye foleni.

Watu walipopungua nilifanya nililolijia. Nikashuka na kidole, jina baada ya jina, mpaka pale ambapo mke wangu alikuwa mwaka 2017. Hakuwapo. Jina lililokuwa juu yake na lililokuwa chini yake sasa yamekaribiana, kama watu waliosogea kwenye benchi. Nilikuwa nimelipa shilingi 1,900 na siku nne ili lifutwe, na kazi ilikuwa imefanywa sawasawa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Sikutegemea kwamba ningeumia.

Lakini naona ndivyo inavyotakiwa. Marehemu tuna mahali pao pa kuwaweka, moyoni na katika dua. Daftari ni la walio hai, na walio hai wana haki ya kulisoma.